Kiti cha mtoto kinacheza kwenye gari la kulala: tafuta chanzo kabla ya kukaza

Kazi yangu ni siti na mikanda ya magari, hapa Mwanga, Kigoma mjini. Siku hizi naletewa magari ya familia yaliyogeuzwa ya kulala: Noah au HiAce iliyotolewa siti za nyuma, seremala akatengeneza kitanda cha mbao, chini ya kitanda pakawekwa droo za vyombo na nafasi ya mtungi wa gesi. Wenyewe wanataka kwenda Tabora kwa ndugu, wapumzike Uvinza, walale Kaliua, waendelee asubuhi. Ni mpango mzuri. Shida huwa kiti cha mtoto. Mteja anasema kinacheza, anataka nikikaze.

Mimi huanza kwa kukifungua kabisa. Katika magari haya, kosa likiwa kwenye kiti chenyewe ni mara chache. Mara nyingi liko chini yake: siti ya gari, mkanda, bolti, au ubao ambao hakuna aliyeufikiria. Ukikaza kabla ya kujua liko wapi, kiti kitaonekana kigumu ukiwa uani na kitamwachia mtoto siku ya ajali.

Pima kwanza. Shika kiti pale mkanda wa gari unapopita, siyo juu kichwani. Tumia mkono usiouandikia, kwa nguvu ya kawaida, ukitikise kushoto na kulia, kisha mbele na nyuma. Kikisogea zaidi ya sentimita 2.5 hapo penye mkanda, kimelegea. Wengi hushika juu, wakaona kinayumba, wakaanza kukilaumu. Kiti kinachotazama nyuma ya gari lazima kiyumbe kidogo kwa juu, hilo si kosa.

Sentimita hizo zina maana. Gari lililo kwenye kilomita 50 kwa saa likisimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, kila kilichomo kinavuta kwenda mbele kwa nguvu inayokaribia mara 14 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 10 anakuwa mzigo wa kilo 140. Hakuna mama wala baba anayeweza kuushika mzigo huo kwa mikono, hata amkumbatie namna gani. Na kufunga mkanda mmoja juu yenu wote wawili ni hatari zaidi, kwa sababu mwili wa mkubwa unamgandamiza mtoto kwenye mkanda. Kilomita 50 ndiyo kasi ya jaribio la kugonga kwa mbele ambalo viti vya R44, kiwango cha zamani cha Umoja wa Mataifa cha viti vya watoto, vilipitia maabara. Kutoka Kidahwe kwenda Uvinza kwenye lami, nani anakwenda 50?

Kimekazwa nyumbani, kikifika Uvinza kimelegea

Dalili hii naletewa kuliko zote, na vyanzo vyake kwa nje vinafanana.

Anza na mkanda wa gari. Uvute polepole mpaka mwisho kabisa, kisha uachie urudi wenyewe huku umetega sikio. Ukisikia unarudi kwa ta-ta-ta-ta, na ukijaribu kuuvuta tena unagoma, huo unaweza kujikaza na kubaki hivyo. Kiti ukikifunga ukiwa katika hali hiyo, matuta hayakilegezi. Ukirudi kimya na kuvutika tena bila shida, huo hujifunga pale tu unapovutwa ghafla au gari linapofunga breki kali. Si mbovu. Siku ya ajali unafanya kazi yake. Ila kwenye barabara yenye mashimo, kila mtikisiko unautoa kidogo, na baada ya kilomita mia kiti kinaning'inia.

Dawa yake mara nyingi iko kwenye kiti chenyewe na mwenye gari haijui. Angalia ubavuni, karibu na tundu la mkanda: viti vingi vina kibanio cha plastiki chenye rangi, kinachofunguka kama mdomo. Kazi yake ni kuubana mkanda ukishakazwa ili usirudi nyuma. Nimewakuta wazazi wametumia kiti mwaka mzima kibanio hakijafunguliwa hata mara moja. Kama kiti hakina kibanio na mkanda ni ule unaorudi kimya, kuna klipu ya chuma yenye umbo la herufi H. Huunganisha mkanda wa kiuno na wa bega, ikae isizidi sentimita 2.5 kutoka kwenye ulimi wa mkanda, kile chuma kinachoingia kwenye kifungio. Itumie tu kama kitabu cha kiti kinairuhusu.

Mkanda ukiwa mzima, angalia sponji. Gari likigeuzwa la kulala, watu huibadilisha sponji ya siti wakaweka nene na laini ili usiku igeuke kitanda. Sponji hiyo inabonyea polepole. Asubuhi umekaza, saa nane mchana imeshuka, na mkanda umebaki juu hauna kazi. Ukifunga, weka goti ndani ya kiti na umwage uzito wako wote, mwenzako avute mkanda wa kiuno kwanza, kisha ule wa bega, akiurudisha juu unakotoka. Kikishakaza, toka, upime tena. Kama baada ya nusu saa kimelegea hapo hapo uani, tatizo ni sponji, rudisha ile ya kiwandani. Usijazie kwa mto, blanketi wala kigodoro chini ya kiti cha mtoto. Vyote hivyo vinabonyea siku ya ajali, na nafasi vinayoiacha ndiyo mtoto anayoruka nayo.

Angalia pia kama mkanda umejikunja mahali. Mkunjo mmoja tu uliojificha nyuma ya kiti unazuia mkanda kukaza sawasawa. Na hakikisha umepita njia yake: kwenye viti vya R44 vinavyofungwa kwa mkanda, njia ya kutazama nyuma ina alama ya bluu, ya kutazama mbele ina nyekundu.

La mwisho katika dalili hii ni reli ya siti. Siti ya katikati ya Noah inatembea kwenye reli mbili, na lazima meno ya pande zote mbili yaingie. Fungua macho uangalie ndani ya reli kwa tochi. Utakuta mchanga, maganda ya karanga, punje za mahindi, wakati mwingine sarafu, vimejaa mahali ambapo jino linatakiwa kuingia. Upande mmoja umefunga, mwingine umeegemea takataka. Kiti cha mtoto kimekazwa vizuri kabisa juu ya siti ambayo yenyewe haijafungwa. Safisha kwa brashi ngumu na upepo wa kompresa, kisha sukuma siti mbele na nyuma mpaka usikie milio miwili. Mgongo wa siti nao uufanyie hivyo hivyo, usiishie katikati ya meno.

Kiti ni kigumu, lakini siti yote inanyanyuka

Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu hii ndiyo hali ninayoiogopa.

Kaka mmoja alileta HiAce kutoka Kasulu. Akaniambia, "Fundi, kiti tumeuziwa kibovu, hakitulii." Nikakishika pale penye mkanda: hakikusogea hata kidogo. Nikamwambia, "Kaka, njoo ushike hapa, kisha tazama chini." Alipokitikisa, benchi lote lilinyanyuka upande wa mlango. Tukaondoa kitambaa. Chini ya sponji kulikuwa na plaiwudi, chini ya plaiwudi mbao za mbili kwa mbili, na mkanda wa gari ulishikiliwa na skrubu za mbao zilizoingia kwenye ubao huo. Ubao wenyewe ulikuwa umepigwa kwenye sakafu ya gari kwa skrubu za bati. Kazi ya seremala ilikuwa safi kwa macho: pembe zimenyooka, vanishi inang'aa. Lakini mtoto alikuwa amefungwa kwenye fanicha.

Kanuni namba 14 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu sehemu za kufungia mikanda kwenye magari ya abiria, inadai mkanda wa pointi tatu uvutwe kwa nguvu ya karibu kilo 1,350 kwenye sehemu ya bega na kiasi hicho hicho kwenye sehemu ya kiuno, kwa pamoja, bila kung'oka. Mkanda wa kiuno peke yake unavutwa kwa karibu kilo 2,225. Linganisha na skrubu ya mbao. Hata bolti haitoshi kama imetobolewa kwenye bati la sakafu tupu, maana bati linachanika kuizunguka na bolti inapita na washa yake. Kuchomelea fleti ba, kipande bapa cha chuma, kwenye sakafu iliyoliwa na kutu ni hivyo hivyo.

Bolti ya mkanda nayo siyo bolti yoyote. Kwenye magari mengi ni ya inchi 7/16 yenye nyuzi 20 kwa inchi, chuma kigumu chenye alama kichwani. Ukiibadilisha na bolti laini ya duka la vifaa vya ujenzi kwa sababu inaingia kwa kulazimisha, umeharibu nyuzi za gari na umepata kitu dhaifu.

Kwa hiyo dawa si kukaza benchi. Dawa ni kurudisha siti ya kiwandani, angalau moja, katika mstari wa pili, kwenye matundu yake ya asili na mikanda yake ya asili. Matundu hayo bado yapo chini ya plaiwudi, niamini, nimeyafunua mara nyingi. Kitanda kianzie nyuma ya siti hiyo. Kama familia inahitaji urefu zaidi usiku, kitanda kiwe na kipande kinachokunjuka na kulala juu ya siti gari likiwa limesimama. Kaka wa Kasulu alikubali kupoteza droo mbili. Siti yake ya awali ilikuwa bado stoo kwa shemeji yake, na hilo ni jambo la kumwomba kila anayegeuza gari: usiuze siti.

Anayetaka benchi jipya kwa lazima atafute fremu ya siti ya chuma iliyotengenezwa kwa ajili ya gari, yenye mikanda yake, ifungwe na fundi wa bodi anayeweka sahani nene za chuma chini ya sakafu na kufikia sehemu ngumu za chesisi. Mimi binafsi, kwa mtoto, bado nachagua siti ya kiwandani.

Mkanda haufiki, au ni wa kiuno tu

Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kinakula mkanda mrefu, maana unazunguka mpaka mgongoni kwake. Mkanda ukipungukiwa kidogo, usiunge kipande kutoka gari jingine na usishone. Jaribu siti nyingine ya gari hilo hilo, maana mikanda haina urefu sawa. Ikishindikana, tafuta kiti chenye njia fupi ya mkanda.

Kwenye HiAce za zamani na kwenye siti ya katikati ya magari mengi utakuta mkanda wa kiuno peke yake. Viti vingi vya Ulaya vinataka pointi tatu, na vinasema hivyo kwenye stika. Viti vya Marekani vyenye mikanda yao ya ndani kwa kawaida vinaweza kufungwa kwa mkanda wa kiuno. Soma stika ya hicho ulicho nacho. Kile kiti cha kumnyanyulia tu mtoto mkubwa, kisicho na mikanda ya ndani, kisiwekwe kabisa kwenye mkanda wa kiuno. Kinamwacha mtoto akunjike tumboni, na madhara yake ni ya matumbo na uti wa mgongo.

Kuna dalili nyingine ya jirani: kiti kinainama upande wa kifungio na hakikazi hata ufanye nini. Tazama kifungio kimekaa wapi. Kama shina lake ni refu na kimelala juu ya ukingo wa plastiki wa kiti cha mtoto, kimekunjwa, siku ya nguvu kubwa kinaweza kuvunjika au kufunguka. Hamisha kiti kwenye siti nyingine au badilisha aina ya kiti. Usilifunge shina fundo.

Siti inayotazama pembeni

Haifai. Hakuna marekebisho, hakuna mkanda wa kuongeza. Viti vya watoto hujaribiwa vikitazama mbele au nyuma ya gari, siyo mlango. Vile vibenchi vya pembeni ambavyo usiku hukutana na kuwa kitanda ni vya kukalia gari likiwa limesimama. Na zile siti za Noah zinazozunguka ili abiria watazamane, zigeuze zitazame mbele kabla ya kuwasha gari. Vitabu vingi vya viti vya watoto vinakataza pia siti ya gari inayotazama nyuma.

Mguu wa kiti, kamba ya juu, na vyuma vya ISOFIX

Viti vya kisasa vingi vina mguu unaoshuka mpaka sakafuni. Kazi yake ni kuzuia kiti kisipinduke kwenda mbele, kwa hiyo lazima ukanyage sakafu halisi ya gari. Kwenye gari la kulala mguu huo mara nyingi unaangukia juu ya kifuniko cha plaiwudi ambacho chini yake ni droo au betri. Gonga kwa kisigino: ukisikia mlio wa mtungi mtupu, pale hapafai. Ondoa kifuniko mguu ufike chini, au tumia kiti kisicho na mguu.

Kamba ya juu inayotoka mgongoni mwa kiti inatakiwa kwenda kwenye chuma chake, kilichowekwa na kiwanda nyuma ya siti, sakafuni au kwenye bodi. Watu huifunga kwenye kulabu ya mizigo kwa sababu ziko jirani na zinafanana. Kulabu ya mizigo imewekwa kushika begi. Wala usiifunge kwenye mguu wa kitanda.

ISOFIX ni vyuma viwili vyembamba vilivyojificha kwenye mwanya kati ya mgongo na kikalio cha siti, vya unene wa milimita 6, katikati ya kimoja hadi kingine sentimita 28. Ingiza vidole uvitafute, maana si kila Noah inavyo, na zile zilizo navyo huwa navyo mstari wa pili. Kama havipo, kiti cha ISOFIX kingine kinaruhusu kufungwa kwa mkanda na kingine hakiruhusu. Nimeombwa zaidi ya mara moja nichomelee nondo ya milimita 6 mahali hapo. Nimekataa, na fundi yeyote anayekubali kazi hiyo anamtengenezea mtoto mtego. Vikiwapo, vifungie mpaka viashiria vyote viwili vigeuke kijani, na usiongeze mkanda wa gari juu yake isipokuwa kitabu kimesema. Kwa viti vya i-Size, yaani vya ISOFIX vya kiwango kipya cha R129, mtoto na kiti chake kwa pamoja wasizidi kilo 33.

"Basi tumweke mbele"

Nyuma pakijaa, wazo hili huja haraka. Soma dashibodi upande wa abiria. Ukiona maandishi ya SRS AIRBAG, kiti kinachotazama nyuma kisikae hapo kamwe. Mfuko wa hewa unatoka kwa kasi inayozidi kilomita 200 kwa saa na unagonga mgongo wa kiti, kule kule kilipo kichwa cha mtoto. Magari mengi tunayotumia hayana swichi ya kuuzima, na kuchomoa waya siyo kuzima. Taa inaweza kuwaka kwenye dashibodi na wewe usiwe na uhakika wa chochote. Mtoto mkubwa anayetazama mbele, ikiwa hakuna siti nyingine kabisa, asukumiwe siti nyuma hadi mwisho wa reli.

Kichwa cha mtoto kinaanguka kifuani

Kwa mchanga hili ni la haraka: kidevu kikigusa kifua, njia ya hewa inabanwa. Chanzo kawaida ni kiti kilichosimama mno. Viti vinavyotazama nyuma vina mstari au kipovu cha maji ubavuni cha kuonyesha mlalo sahihi, lakini kinasema kweli gari likiwa tambarare tu. Usipime umesimama kwenye mwinuko wa kutoka stesheni kupanda Mwanga, utadanganyika. Siti ya gari ikiwa imeinama kwa nyuma, viti vingine vinaruhusu taulo lililoviringishwa chini ya kiti cha mtoto upande wa miguu yake, pale mgongo na kikalio cha siti ya gari vinapokutana, ili kusawazisha. Kitabu kiseme ndiyo. Hilo ni jambo tofauti na kujazia sponji, maana taulo hapo linarekebisha mlalo na mkanda bado unakaza kwenye siti.

Mchanga asikae humo zaidi ya saa mbili mfululizo. Safari ya Tabora ipange hivyo tangu nyumbani, msimame, atolewe, anyonye, alazwe bapa kidogo. Na kama umri ni swali: chini ya miezi 15 mtoto atazame nyuma, ndivyo kiwango cha R129 kinavyotaka, na akiendelea hivyo mpaka kiti kitakapomzidi uzito au urefu, ni heri zaidi. Shingo yake bado laini na kichwa ni kizito kwa mwili wake.

Anatoa mikono, au kifungio chake hakilii

Mtoto anayechomoa mikono kwa kawaida amefungwa akiwa na nguo nyingi. Alfajiri ya Tabora mwezi wa sita na wa saba kuna baridi, mama anamviringisha kitenge na blanketi kisha anafunga mikanda juu yake. Kitenge kikilegea, mikanda imelegea nacho. Mvalishe nguo za kawaida, funga, kaza, kisha mfunike kitenge kwa juu. Kipimo: jaribu kuubana mkanda begani mwake kwa kidole gumba na cha shahada. Ukiweza kuushika mkunjo, kaza tena. Matundu ya mikanda yawe usawa wa mabega au chini kidogo kwa anayetazama nyuma, usawa au juu kidogo kwa anayetazama mbele. Mzigo wa lawama usimwangukie mtoto kabla hujaangalia hayo.

Kifungio kisicholia ni vumbi letu jekundu likichanganyika na uji na juisi. Kama kitabu kinaruhusu, kitoe, kisuuze kwa maji ya uvuguvugu huku ukibonyeza kitufe mara kadhaa, kianikwe kivulini. Usitie mafuta ya aina yoyote, iwe ya cherehani, ya kupikia au grisi, kwa sababu vumbi litakaloyashika ndilo litakalokiziba kabisa. Mikanda yake ifute kwa kitambaa na sabuni laini tu. Jiki na pasi hudhoofisha nyuzi bila kuonyesha. Gari likianikwa juani, gusa chuma cha kifungio kwa mkono wako kabla ya kumkalisha.

Kitanda na mizigo

Gari linalotembea halina mtu kitandani. Najua mtoto amelala, najua anapendeza pale kwenye godoro na dada yake. Muda wote gurudumu linazunguka, awe kwenye kiti chake.

Ukishamaliza kiti, geuka utazame kilichoko nyuma yake. Dumu la maji la lita 20 kwa hesabu ile ile ya juu linakuwa kilo 280, na dumu la mawese la kupeleka Tabora karibu hivyo hivyo. Mtungi wa gesi ufungwe kwa mkanda wa chuma au mkanda wa mizigo wa rachet, umesimama, koki imefungwa. Mizigo mizito iwe sakafuni, imebanwa, na droo ziwe na kitasa kinachoshika. Vilivyolegea ndivyo vinavyokuja mbele.

Kiti cha mtumba

Wengi wetu tunanunua vya mtumba, na vipo vizima. Kigeuze chini. Kwenye plastiki tafuta duara dogo lenye mshale: mshale unaonyesha mwezi, namba za katikati ni mwaka wa kutengenezwa. Watengenezaji wengi hukipa kiti miaka 6 hadi 10. Tafuta stika ya rangi ya machungwa yenye herufi E ndani ya duara na namba ya nchi kilikoidhinishwa, kwa mfano 43 ni Japani, 4 ni Uholanzi, 11 ni Uingereza, kisha R44 au R129. Vya Marekani vina maandishi yake yenyewe, bila hiyo E. Umoja wa Ulaya ulisimamisha kuuza vipya vya R44 mwaka 2024, kwa hiyo vya namna hiyo angalia mwaka kwa makini zaidi.

Vua kitambaa. Plastiki yenye mistari myeupe mahali ilipokunjika imeshavutwa kwa nguvu. Povu jeupe gumu likiwa limepasuka au halipo kabisa, achana nacho. Mkanda uliochanika ukingoni, uliounganishwa kwa uzi, uliofifia kama kitambaa cha mwamvuli wa zamani, vivyo hivyo. Kisicho na stika wala tarehe, usinunue kwa bei yoyote, na kilichowahi kuwa ndani ya gari lililopata ajali kubwa hakirudi kazini hata kama kinaonekana kipya.

Kiti ulichokikataa usikiweke nje ya geti kikiwa kizima. Kata mikanda yake yote kwa kisu, uandike KIBOVU kwa maka peni kwenye plastiki, ndipo ukitupe, kwa sababu kuna mzazi mwingine atakiokota na kumweka mwanawe.